Amos McGee na wageni wake watano: kitabu cha picha kisichomwambia mtoto atulie

Nina kinyongo cha siku nyingi na vitabu vya watoto vinavyofundisha utulivu kwa kupiga kelele. Nafundisha chekechea, kwa hiyo vimepita vingi mikononi mwangu. Kuna mnyama mwenye papara. Anakimbia ukurasa baada ya ukurasa, anaanguka, anaumia, kisha anatokea mzee mmoja mwenye hekima (mara nyingi ni kobe, maskini kobe, wamemgeuza mhubiri) na kumweleza kwamba haraka haraka haina baraka. Mnyama analia kidogo, anatubu, kitabu kinafungwa. Watoto wangu wa miaka minne wanaujua mwisho kabla sijafika katikati, na wengine wameshaanza kufungua kamba za viatu vya jirani.

A Sick Day for Amos McGee hakimo katika kundi hilo, na ndiyo maana nimeketi kukiandikia. Kinahusu urafiki, kinahusu kwenda taratibu, lakini ukikisoma mwanzo hadi mwisho hutakuta sentensi hata moja inayomwambia mtoto apunguze mbio. Hakuna anayekosea, hakuna anayekemewa, hakuna anayejuta. Nilipokifungua mara ya kwanza nilikuwa natafuta mahali mahubiri yatakapoanzia. Nikafika mwisho bila kuyaona.

Maandishi ni ya Philip C. Stead na picha ni za Erin E. Stead, mtu na mkewe. Kilitoka Marekani mwaka 2010, na mwaka 2011 picha zake zikapewa Medali ya Caldecott, ile ambayo tangu 1938 hutolewa kila mwaka kwa mchoraji wa kitabu cha picha kilichotia fora kule Marekani. Kilikuwa kitabu cha kwanza Erin Stead kukichora. Habari ya tuzo naitaja kwa shingo upande, maana nimeshanunua vitabu vyenye mhuri wa dhahabu jaladani ambavyo watoto walivipekua siku moja wakavisahau. Safari hii waamuzi na watoto wangu wamekubaliana.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Amos McGee ni mzee mwembamba, mrefu, anayefanya kazi ya kutunza wanyama katika bustani ya wanyama ya mjini. Ni mtu wa kuamka mapema. Saa ikilia anashusha miguu kitandani, anavua nguo za kulalia, anavaa sare iliyopigwa pasi, anaitia saa yake ufunguo na kubandika maji ya chai. Anazungumza na bakuli la sukari: kijiko kimoja cha uji wangu, viwili vya kikombe changu. Kisha anatoka, mwendo wa kutembea tu, kwenda kupanda basi namba 5.

Hayo yote ni asubuhi moja ya kawaida, na mwandishi mwingine angeiruka ili afike kwenye wanyama. Hapa imepangwa kitu baada ya kitu, na watoto wanaifurahia kupita kiasi. Mstari wa sukari ndio walioushika kwanza. Siku hizi ninapofika hapo nanyamaza tu, darasa zima linamsaidia Amos kuhesabu vijiko. Mimi napenda kitu kingine humo ndani: mzee huyu hana papara kwa sababu ameamka na mapema. Wakati wake hakuuokota njiani.

Akifika kazini, kitabu kinasema wazi kwamba ana shughuli tele. Nawaomba wazazi wasiipite sentensi hiyo. Tumezoea kudhani kwamba mtu mwenye nafasi ya kukaa na rafiki ni mtu asiye na kazi. Amos ana kazi, tena nyingi, na bado kila siku anawatembelea marafiki zake watano. Anacheza sataranji na tembo. Anashindana mbio na kobe. Anakaa kimya na pengwini, ambaye ana haya sana. Anampa kifaru kitambaa cha kupengea, maana pua yake haiachi kutiririka. Na jua likizama anamsomea bundi hadithi, kwa sababu bundi anaogopa giza.

Bundi anaogopa giza! Hapo darasa huangua kicheko, kila mara.

Anayenivutia mimi ni tembo. Kabla ya kusogeza kete anawaza, kisha anawaza tena. Mwandishi hakusema kwamba tembo ni mzito wa akili, wala hakusema ni bingwa wa mchezo. Hata nani anashinda hatuambiwi. Tunaonyeshwa mwili mkubwa wa kijivu mbele ya ubao mdogo, na upande wa pili Amos, anangoja. Nimeikodolea macho picha hiyo mara nyingi watoto wakishaondoka. Amos hana dalili yoyote ya mtu anayesubiri zamu yake. Kungoja kwake ndiko kucheza kwenyewe.

Kila mwaka napata mtoto wa namna ya tembo huyu. Unamshikisha jani, unamuuliza ni la rangi gani, ananyamaza. Wenzake wanne wanapaza sauti kumjibia. Yeye bado analigeuza jani mkononi. Ukiweza kuwanyamazisha wale wanne, na ukiweza kujinyamazisha wewe mwenyewe, ambalo ndilo gumu zaidi, atakuja na jibu kwamba rangi ni tatu, na huku chini limeanza kuwa la kahawia. Mtoto wa aina hiyo alipouona ukurasa wa sataranji aliinua uso akasema, "Anahesabu." Hakuongeza neno. Tangu siku hiyo wenzake wakimharakisha yuko mmoja wa kuwaambia, "Mwacheni, anahesabu."

Tuje kwa kobe, maana kobe ameniletea mgogoro darasani. Kitabu kinasema anashindana mbio na Amos na hajapata kushindwa hata siku moja. Basi. Hakuna maelezo. Nilitaka kufunua ukurasa, nikazuiliwa.

"Mwalimu, kwani Amos hajui kukimbia?"

"Anajua, lakini anajifanya anashindwa."

"Hajifanyi. Ni mzee, magoti yanamuuma."

"Kobe anaanza mbio usiku. Amos akiwa bado amelala."

Jibu la mwisho lilipata wafuasi wengi kuliko nilivyotarajia. Tulirudi kwenye picha kutafuta ushahidi na hatukuupata, kwa hiyo kesi iko wazi mpaka leo. Ninachojua ni kwamba hadithi ya kobe na sungura, ile ya Aesop ambayo sote tumelelewa nayo, haijawahi kuzua ubishi wa namna hii. Pale jibu linajulikana: kobe alishinda kwa sababu mwenzake alilala. Ushindi wake umesimama juu ya uzembe wa mtu mwingine, na mtoto mwerevu hujifunza kwamba sungura angebaki macho tu mambo yangekuwa mengine. Hapa hakuna aliyelala. Kuna mzee na kobe wanaoshindana kila siku, na kila siku anashinda yule yule, na kesho yake wanarudi tena uwanjani. Ukinibana, nitasema Amos anatembea bega kwa bega na rafiki yake mpaka mwisho, halafu anamwachia pua itangulie. Sina ushahidi. Mtoto wa nadharia ya usiku ananiona mjinga.

Sasa picha, ambazo ndizo zilizopata medali. Erin Stead alizitengeneza kwa mbao na penseli: rangi zimechapwa kwa ubao, kisha mistari ikachorwa kwa penseli. Matokeo yake ni rangi za upole, kijivu, kijani kilichopauka, manjano ya kufifia, ambazo hazikukolea sawasawa kila mahali, na juu yake mistari myembamba kama ya mtu aliyekuwa na siku nzima ya kuchora kunyanzi moja. Ngozi ya tembo ina mikunjo iliyochorwa mmoja mmoja. Ya kifaru vivyo hivyo. Nimemwona mtoto akipitisha kidole kwenye mguu wa tembo, mkunjo kwa mkunjo, kutoka gotini hadi chini, huku hadithi ikiwa imesimama na mimi nimekiinua kitabu hewani mkono unaniuma. Hakuna mtu aliyemwambia afanye hivyo.

Kingine ni nafasi tupu. Kurasa nyingi zimeachwa nyeupe kando ya wahusika; hakuna mawingu ya kujaza pengo, hakuna maua ya kupendezesha, hakuna vipepeo. Vitabu vingi vya watoto siku hizi vimejazwa kila kona utadhani mchoraji alilipwa kwa wingi wa vitu. Jicho la mtoto linarukaruka, halijui litue wapi. Hapa linatua kwenye uso wa Amos, au kwenye mabega ya pengwini, na linabaki hapo.

Halafu kuna puto jekundu. Maandishi hayalitaji kabisa. Lipo tu kwenye picha, mara liko na pengwini, mara liko kwingine, na kati ya rangi zote zile za kupauka ndilo linalowaka. Mtu mzima anayesoma maneno atalikosa, kwa sababu macho yake yako chini kwenye mistari. Mtoto asiyejua kusoma atalikamata mapema, na kuanzia hapo ana hadithi yake ya pili anayoifuatilia kivyake. Yupo pia panya mdogo. Sitasema yuko wapi.

Katikati ya kitabu mambo yanabadilika. Amos anaamka siku moja ana mafua: anapiga chafya, pua inamwasha, baridi inampita mwilini. Hatakwenda kazini. Kule bustanini marafiki wanangoja. Tembo anapanga kete zake. Kobe ananyoosha viungo tayari kwa mbio. Pengwini amekaa, anatazama mbali. Kifaru anaingiwa na wasiwasi juu ya pua yake. Wanangoja, wanangoja, na bundi anauliza Amos yuko wapi. Kisha wanaamua. Wanatoka, wanakwenda kituoni, wanapanda basi.

Kwenye picha ya safari hiyo mwandishi amepunguza maneno na kumwachia mchoraji. Nakushauri nawe upunguze. Usianze kueleza kwamba "tazameni, wanakwenda kumwona mgonjwa". Wameshaelewa. Shika kitabu wazi na ukae kimya, hata kama kimya chenyewe kinakutia kichefuchefu. Darasani kwangu hapo ndipo maswali humiminika: walilipa nauli? Tembo alikaa kiti kipi? Dereva hakuogopa? Na swali moja lililonipata sina jibu: "Nani aliwafungulia?"

Hilo si swali dogo. Bustani ya wanyama ni mahali penye vizuizi, na wapo wazazi ambao kwa haki kabisa hawapendi kuona tembo aliyefungiwa akionyeshwa kama mwenye raha zake. Kitabu hakiligusi jambo hilo. Wanyama wanatoka wanapotaka, kwa ustaarabu, kama watumishi waliomaliza zamu. Mimi nilimjibu yule mtoto kwamba kwenye hadithi hii milango haikufungwa. Alikubali, ila alinitazama kwa jicho la pembeni, na sidhani kama tumemalizana. Kwa mtoto wa miaka saba au minane ningelifungua suala hilo na kulizungumza. Kwa wa miaka minne niliona basi limejaa vya kutosha.

Sehemu ya mwisho ndiyo iliyonifanya nikiheshimu kitabu hiki, kwa jinsi ilivyojengwa. Wageni wanafika nyumbani kwa Amos, naye anafurahi mno, na kila mmoja anamrudishia kile alichokuwa akipewa. Lakini hawakurudisha kama kilivyokuwa. Tembo anapanga sataranji, sawa. Mbio na kobe haziwezekani, mgonjwa hana nguvu, kwa hiyo wanacheza kujificha, na unaweza kukisia kobe anajificha wapi. Amos anasinzia, na pengwini anakaa naye kimya, akimpasha joto miguuni. Amos anapopiga chafya, kifaru yuko tayari na kitambaa. Wanakunywa chai pamoja. Usiku ukiingia, Amos anasema muda umekwenda na asubuhi kuna basi la kuwahi. Hapo bundi anachukua kitabu na kuwasomea wote hadithi, kwa kuwa anajua kwamba Amos anaogopa giza.

Rudi nyuma kidogo. Aliyekuwa anaogopa giza ni bundi. Amos hatukuambiwa popote kwamba anaogopa. Je, ni kweli anaogopa, na alikuwa anasoma zile hadithi za jioni kwa faida ya wote wawili? Au bundi amedhani tu kwamba rafiki yake ana hofu ile ile aliyo nayo yeye? Watoto wangu wamegawanyika, na kwa mara ya kwanza niliwasikia wakibishana juu ya kilichomo moyoni mwa mtu badala ya kilichomo mfukoni. Kitabu cha maneno machache kiasi hiki kufika hapo si jambo la kubahatisha.

Pengwini naye. Nina mtoto asiyesema darasani. Nyumbani anasema, mama yake ameniapia. Kwangu anatikisa kichwa tu. Vitabu vinavyoandikwa kwa ajili yake karibu vyote vinaishia akiwa jukwaani, anaimba, wenzake wanampigia makofi, eti amepona. Pengwini hapati dawa ya namna hiyo. Anaanza akiwa na haya, anamaliza akiwa na haya, na katikati anamfanyia mgonjwa kitu ambacho wenzake wenye kelele wasingekiweza, yaani kukaa naye bila kusema neno. Mtoto wangu huyo huomba kitabu hiki kwa kukinyooshea kidole. Tukifika kwa pengwini husogea mbele ya mkeka, akisukuma magoti ya wenzake.

Labda nieleze ninavyokisoma, kwa sababu kitabu hiki kinamdai msomaji mambo. Ni cha Kiingereza, sentensi zake ni fupi na nyepesi, kwa hiyo mimi hukisimulia kwa Kiswahili moja kwa moja nikiwa nimekishika wazi. Mtu akiamua kukimbia atakimaliza kabla chai haijapoa, na hatakuwa amesoma chochote. Ukurasa wa tembo unahitaji kimya. Ukurasa wa pengwini unahitaji kimya zaidi. Kama una dakika chache kabla ya kengele, chukua kitabu kingine. Kipo cha magari ya zimamoto, kitafaa. Nimemwona mzazi mmoja akimsomea mwanawe kitabu hiki huku simu iko mkono wa pili, anafunua kurasa mbili mbili, anamwambia mtoto, "Haya, umeona, ni vizuri kuwa mpole." Mtoto hakuwa anamsikiliza, alikuwa anajaribu kuurudisha ukurasa uliopita kwa kucha.

Nina malalamiko pia. La kwanza ni la darasani: kitabu hiki kimetengenezwa kwa mapaja, hakikutengenezwa kwa mkeka. Zile rangi za upole na ile mistari ya penseli hazionekani na mtoto wa safu ya nyuma. Puto ataliona, panya hataona, na atakereka kuwasikia wa mbele wakipiga kelele za panya. Mwanga ukiwa hafifu mambo ni mabaya zaidi, kijivu kinamezana na kijivu. Mimi siku hizi nawagawa, nasoma na kundi dogo huku wengine wakichezea udongo. Mwalimu mwenye watoto wengi na msaidizi hana, namwonea huruma.

La pili ni kurasa. Ni karatasi ya kawaida, na kitabu kinachomtaka mtoto apitishe kidole kwenye kila mkunjo wa tembo lazima kitachakaa. Nakala yangu imeshapata mikunjo ambayo Erin Stead hakuichora.

La tatu sina hakika kama ni lalamiko. Kifaru ameonewa kidogo. Tembo ana mchezo, kobe ana mbio, pengwini ana kimya chake, bundi ana vitabu. Kifaru ana makamasi. Watoto wanamcheka, naye anavumilia, lakini nilitamani apewe jambo moja analolipenda. Ni kweli kwamba ndiye aliyeshika kitambaa saa ya chafya ilipofika, na kwa mtu ambaye maisha yake yote amekuwa upande wa kupenga, hiyo ni cheo. Bado naona amepunjwa.

Na kuna watu ambao kitabu hiki hakitawafaa. Kama mtoto wako anataka majitu, mashimo na panga, hapa hakuna. Hakuna adui. Hatari kubwa kuliko zote ni mafua, na yanapungua kwa usingizi na chai. Nilimwazima rafiki yangu mmoja, naye akakirudisha kesho yake na kuniambia, "Nilikuwa nangoja kitu kitokee." Hatukugombana, lakini sijamwazima kingine.

Mwaka 2021 wawili hao walitoa kitabu kingine cha mzee huyu, Amos McGee Misses the Bus. Safari hii Amos amekesha akipanga matembezi na marafiki zake, analala kidogo, anachelewa basi, na siku nzima inamwelemea mpaka wenzake wanapoingilia kati na kugawana kazi zake. Ni kizuri, na kwa mwenye kutaka habari za mtu anayebanwa na muda kina mengi zaidi. Mimi naona cha kwanza kimekizidi. Katika hiki cha pili shida inaonekana tangu mwanzo na unaijua dawa yake; katika kile cha kwanza unatembea tu na Amos hadi kituoni, na huku hujui kwamba umeshaanza kufundishwa.

Kuhusu umri, mimi ningeanza miaka mitatu. Chini ya hapo watakula kona za kurasa. Miaka minne na mitano ndiyo wenyewe hasa, wale wanaoweza kubishana juu ya kobe hadi saa ya kwenda nyumbani. Mtoto wa miaka saba anayejisomea atakimaliza mara moja, akuambie kwamba hakuna kilichotokea humo. Usimjibu. Muulize kobe anashindaje, kisha uendelee na shughuli zako.